Mluzi wa Mama Kingu

Mwasha moto hasingizii upepo. Methali hiyo mmeisikia leo mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Nitawaambia, ingawa kila nikiisimulia damu hunichemka. Chanzo chake ni hiki.

Zamani, huku kwetu Singida, aliishi mjane aliyeitwa Mama Kingu. Mwaka huo alivuna mtama mzuri, akaupura uwanjani pake. Huo ndio uliokuwa chakula cha wanawe mpaka mavuno mengine, na mbegu humo humo. Ikabaki kuupepeta. Desturi mnaijua: upepo ukitulia, mpepetaji hupiga mluzi kuuita. Mama Kingu akapiga mluzi, upepo ukaja.

Jirani yake, Mukhandi, akatoka na kijinga cha moto kwenda kuchoma mabua shambani kwake, upande ule ule upepo ulikotoka. Mama Kingu akamwomba, "Shemeji, ngoja kwanza upepo utulie." Mukhandi akajibu kwamba yeye hapangiwi kazi na mwanamke. Akawasha. Kufumba na kufumbua moto ukavuka mpaka, ukala makapi, ukala na mtama. Mama Kingu aliupiga kwa kanga yake mpaka mikono ikababuka. Hakuokoa hata kibaba.

Kesi ilipofikishwa barazani kwa wazee, Mukhandi alisimama bila haya.

"Mimi niliwasha shambani kwangu. Uliovusha moto ni upepo. Na upepo uliitwa na nani? Wote mlisikia mluzi."

Wapo wanaume wazima waliotikisa vichwa kumkubalia. Siwasamehe mpaka leo.

Mama Kingu hakupaza sauti.

"Upepo niliuita, sikatai. Niliuita uchukue makapi. Moto aliuita nani?"

Akamgeukia Mukhandi.

"Na ulipowasha, shemeji, hukujua kwamba upepo unavuma?"

"Nilijua," Mukhandi akanung'unika.

"Basi usiutwike mzigo wako. Mwasha moto hasingizii upepo."

Wazee wakaamua: mtama wa Mukhandi, uliopurwa lakini haujapepetwa, ni wa Mama Kingu. Kesho yake mama huyo alifika na ungo uwanjani kwa Mukhandi. Akasimama mahali ambapo upepo ungeelekea moja kwa moja mlangoni mwa mwenye nyumba, akapiga mluzi mrefu kuliko wa juzi. Makapi yakaingia ndani, yakaingia chunguni, yakamjaa Mukhandi machoni. Akatoka akijipangusa, akafungua kinywa aulaani ule upepo. Watu wote walikuwa wakimtazama. Akakifunga.

Mwasha moto hasingizii upepo.