Boti ya Sekela Mpakani

Sekela alinunua boti Zambia, akaipakia kwenye lori aipeleke kwao Ziwa Rukwa, ambako wajawazito walivushwa kwa mtumbwi unaovuja. Ushuru wote alilipa. Lakini Afande Chaula, mkuu wa kizuizi cha mpakani, aliitazama boti ile kwa uchu. Mali aliyoizuia yeye ilipigwa mnada, na mnunuzi kila mara alikuwa shemeji yake.

"Mama, boti haiingii nchini juu ya lori," alisema. "Boti huingia juu ya maji."

"Maji yako wapi hapa, afande? Hata kijito hakuna."

"Hilo ni lako. Ikifika juu ya maji, kizuizi nitakiinua kwa mkono wangu. Naapa kwa kofia hii! La sivyo, kesho naishusha."

Madereva waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko. Sekela hakucheka.

"Jamani, kiapo cha afande mmekisikia," aliwaambia, kisha akageuza lori akarudi alikotoka.

Alasiri lori lilitokea tena, boti ikiwa imefunikwa turubai.

"Si nimekwambia juu ya maji?" Chaula alifoka.

"Hebu chungulia chini yake, afande."

Chaula alipanda, akafunua turubai. Boti ilikuwa imekalia katoni za maji ya kunywa, zimepangwa kuanzia mbele ya lori hadi nyuma.

Madereva walipiga honi zote kwa pamoja. Chaula alishuka, akainua kizuizi kwa mkono wake. Alipompita, Sekela alimpa chupa moja kupitia dirishani.

"Kunywa, afande. Jua la leo kali."