Jina Juu ya Mlango

Imepokewa kutoka kwa watu wa kale, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa bonde la Hadhramauti aliishi mfanyabiashara wa ubani aliyeitwa Abdulmughni. Hakuwa mtu mwovu. Alitoa zaka kwa wakati wake, alisali jamaa, na hakuna aliyeitilia shaka mizani yake. Ndiyo sababu kisa chake kikahifadhiwa. Makosa ya mtu mwovu hayamshangazi mtu.

Katika mji huo nyumba hazikuandikwa majina. Watu waliitaja nyumba kwa kile walichokipata hapo: kwa yule atibuye macho, kwa wale wenye jiwe la kusagia, kwa yule aazimaye watu ngazi. Karibu na lango la kaskazini palikuwa na nyumba iliyojulikana kama Kwa Bi Thuwayba. Huyu alikuwa mjane. Kila asubuhi alijaza mtungi wa maji na kuuweka juu ya jiwe kando ya mlango wake, sabili, maji ya bure kwa yeyote apitaye. Wasafiri waliotoka jangwani waliujua mtungi ule kabla ya kuujua msikiti.

Bi Thuwayba alikuwa na mwana mmoja, Salmin, aliyeondoka na msafara akiwa kijana anayeanza kuota ndevu. Msafara ule haukurudi. Wapo waliosema ulivamiwa na watu wake wakachukuliwa mateka, wapo waliosema kiu iliwamaliza njiani. Hakuna aliyekuwa na hakika. Mama alingoja, akiendelea kujaza mtungi. Magoti yalipokataa ngazi na dari ikaanza kuvuja, aliamua kuiuza nyumba na kuhamia kwa mpwa wake, mtaa wa wafumaji, upande wa pili wa mji.

Mnunuzi alikuwa Abdulmughni. Siku ya kukabidhiana, mbele ya mashahidi, Bi Thuwayba alimwambia, "Baba, nyumba ni yako. Nina ombi, nalo si sharti."

"Sema, mama."

"Mtungi uuache mlangoni. Na akija mtu kuniulizia, usimwache aende bila kujua nilipo. Mwanangu akirudi hana anuani nyingine. Utamjua kwa kidole chake cha shahada, kimepinda. Kamba ya kisima ilimuumiza alipokuwa mdogo."

"Inshallah, mama," akasema Abdulmughni. "Hilo ni amana."

Na siku hiyo alikusudia alichosema.

Aliikarabati nyumba vizuri. Akabadilisha dari, akapaka kuta chokaa, akaleta mlango mpya wa mti wa mkunazi. Kazi ilipokaribia kwisha, aliingiwa na fikra ya kuipa nyumba jina. Alikuwa ameona katika safari zake nyumba za wakubwa zilizoandikwa majina juu ya milango, akapenda. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa kuchunga dini yake, alikwenda kwanza kumuuliza mwalimu wake, Sheikh Uqayli.

"Je, yafaa mtu kuipa nyumba yake jina?"

"Yafaa," akajibu Sheikh. "Sijui dalili inayokataza. Watu huwapa majina farasi zao na panga zao. Umechagua jina gani?"

"Darul-Ikhlasi. Nyumba ya nia safi."

Sheikh akasema, "Jina ni zuri. Ila iulize nafsi yako kitu kimoja. Jina hilo unataka lisomwe na nani?"

"Na wapitao, Sheikh, wapate kukumbuka."

"Basi wewe ndiye ujuaye," akasema Sheikh Uqayli, wala hakuongeza neno.

Abdulmughni alichukulia kwamba ameruhusiwa. Fundi akaliandika jina kwa chokaa juu ya mlango, herufi kubwa zilizoonekana tangu langoni mwa mji.

Watu walilisoma, wakasifu hati, kisha wakaendelea kusema Kwa Bi Thuwayba. Siku moja alinunua tende sokoni akataka apelekewe nyumbani.

"Nizilete wapi, bwana?" akauliza muuzaji.

"Darul-Ikhlasi."

"Hiyo iko wapi? Upande wa msikiti?"

"Karibu na lango la kaskazini. Nyumba nyeupe, yenye mlango mpya."

"Mlango mpya." Muuzaji akafikiri. "Penye mtungi?"

"Ndiyo. Penye mtungi."

"Ala! Kwa Bi Thuwayba. Ungesema mapema, bwana, tungekwisha kuagana." Wanunuzi wawili waliosimama pale wakacheka. Mmoja akasema, "Mwite tu Mume wa Bi Thuwayba, mizigo yake haitapotea."

Abdulmughni alicheka pamoja nao. Lakini neno lile alirudi nalo nyumbani, na kila alipolipitisha moyoni lilizidi kuwa kubwa. Alijiambia kwamba haoni uchungu kwa ajili yake mwenyewe. Jina tukufu ndilo linalodharauliwa. Huenda aliliamini hilo.

Baada ya siku chache aliamuru mtungi uhamishiwe uani mwa msikiti. Sababu aliyoitoa ilikuwa njema: wanaokwenda msikitini ni wengi kuliko wanaopita mlangoni pake, na thawabu zitakuwa nyingi zaidi. Watu walimwombea dua. Kisha akamwita bawabu wake, Marzuku, mtu aliyetoka kijiji cha mbali na aliyekuwa mgeni mjini.

"Akija mtu kuulizia kwa Bi Thuwayba, mwambie hapa hakuna nyumba hiyo. Mwambie hapa ni Darul-Ikhlasi. Wakikosea mara moja mbili, watajifunza."

"Na akishikilia, bwana?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Alipokuwa akisema haya hakumkumbuka Bi Thuwayba mwenyewe. Alikumbuka jina lake tu, kwa kuwa ndilo lililomkera. Wapokezi wa kisa hiki wanasema kwamba baadaye hili ndilo lililomliza kuliko yote: kwamba hakuivunja amana kwa makusudi, bali haikumpitia hata akilini.

Mambo yakaenda hivyo hadi kiangazi cha mwaka uliofuata.

Alasiri moja Abdulmughni alirejea kutoka dukani, akamkuta Marzuku akifagia mbele ya mlango.

"Leo nimepata mtu mbishi," Marzuku akasema. "Alikuja wakati wa kailula, usingizi wa adhuhuri, mji mzima umelala. Ananiambia anaulizia kwa Bi Thuwayba. Nikamwambia hapa hakuna. Anasema pana mtungi. Nikamwambia fungua macho, uko wapi mtungi? Akalitazama jiwe lile. Akaniuliza, aliyekuwa akiuweka yuko wapi? Nikamwambia, ndugu yangu, sijapata kumwona mtu wa jina hilo, hapa ni Darul-Ikhlasi."

"Kisha?"

"Akakaa chini kwenye jiwe. Nikadhani ataondoka, hakuondoka. Baadaye akasema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, akainua mikono akasoma Fatiha, akajipangusa uso. Akaniuliza kama nayajua makaburi ya mtaa huu. Nikamwambia mimi si mwenyeji. Wenziwe walikuwa wakimwita kutoka langoni, ngamia wamekwisha kunyweshwa. Akaenda."

Abdulmughni alikuwa bado ameshika fundo la ubani mkononi. "Mikono yake uliiona?"

"Alipoinua kuomba niliiona. Ya mtu wa kazi. Kidole kimoja kimepinda hivi."

Inasemwa kwamba Abdulmughni hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani, akaazima ngamia wa mbio, akaufuata msafara. Alipofika njia panda ya visima, aligundua kwamba msafara umekwisha kugawanyika, wengine kuelekea pwani na wengine kuelekea bara ya Najdi. Alifuata wa pwani hadi akaupata. Salmin hakuwemo. Aliporudi kufuata wa pili, upepo ulikuwa umezifuta nyayo. Alizunguka jangwani mpaka maji yake yakakaribia kwisha, akarudi mjini.

Hapo ndipo ulipomfikia mtihani wake hasa.

Jambo lile lilijulikana na watu wawili tu, yeye na Marzuku, na Marzuku hakuelewa alichokiona. Bi Thuwayba alikuwa katika chumba chake mtaa wa wafumaji, akingoja kama alivyongoja siku zote. Akinyamaza, hakuna kitakachobadilika. Akisema, atamwambia mama mzee kwamba mwanawe yu hai, kwamba alifika mlangoni, na kwamba amekwenda akiamini mama yake amekufa.

Alikwenda kwa Sheikh Uqayli akamweleza yote, bila kujitetea.

"Nikimwambia nitamuua," akasema. "Nikinyamaza, angalau atabaki na matumaini yake."

"Matumaini hayo ni yake," akasema Sheikh, "na habari hii pia ni yake. Wewe umekwisha kumchukulia mtungi, jina na mgeni wake. Sasa unataka kumchukulia na habari?"

"Sijui nitaanzaje."

"Anza na ukweli. Hukuniuliza mimi siku ile ili upate jibu, ulitaka ruhusa. Nami nilikuona, nikanyamaza. Twende pamoja."

Walimkuta Bi Thuwayba ameketi kwenye mkeka, akisokota nyuzi kwa ajili ya mpwa wake. Abdulmughni alikaa mbele yake akamweleza: amri aliyoitoa, mtungi alioondoa, mtu aliyekuja, kidole kilichopinda, Fatiha iliyosomwa juu ya jiwe, njia panda ya visima. Hakuacha kitu. Bi Thuwayba aliendelea kusokota kwa muda, kisha mikono ikasimama.

"Alikuwa na viatu?" akauliza.

Abdulmughni hakujua. Marzuku, waliyemchukua pamoja nao na aliyekuwa amesimama mlangoni, akajibu, "Alikuwa navyo, mama. Vya ngozi, vizuri."

"Alhamdulillahi. Amekonda?"

"Hapana, mama. Ni mtu mzima mwenye nguvu."

Bi Thuwayba akatikisa kichwa taratibu. "Mlisema alikuja wakati wa kailula. Jua la wakati ule ni kali." Kisha akamtazama Abdulmughni. "Alikunywa maji?"

Abdulmughni hakumwachia Marzuku ajibu.

"Hakunywa, mama," akasema. "Mtungi nilikuwa nimeuondoa."

Bi Thuwayba akaishika ncha ya mtandio wake akaiweka machoni.

"Kila mtungi nilioujaza," akasema hatimaye, "niliujaza nikisema, Ee Mola, huko aliko mwanangu, mjalie apate mtu wa kumpa maji."

Abdulmughni akaomba radhi. Akasema nyumba anairudisha, leo, bila ya kutaka chochote. Bi Thuwayba akamwashiria anyamaze.

"Haki yangu nimekusamehe, na Mwenyezi Mungu ni shahidi. Nimesubiri muda mwingi, sitaki kumaliza siku zangu nikibeba kinyongo. Lakini haki ya Salmin si yangu. Hiyo utamwomba mwenyewe ukikutana naye."

"Nitampata wapi, mama?"

"Alikwisha kuja mara moja," akasema. "Alikuja wapi?"

Siku hiyo hiyo Abdulmughni alipanda ngazi akalibandua jina kwa mikono yake. Chokaa ilimwangukia kichwani na ndevuni, na waliopita hawakucheka. Akaleta mtungi mwingine, kwa kuwa ule wa kwanza aliona haya kuutoa msikitini. Bi Thuwayba hakuitaka nyumba, ila alikubali chumba cha chini kilicho karibu na mlango. Asubuhi yeye ndiye aliyeujaza mtungi, na mikono ilipomshinda, Abdulmughni aliujaza, mama akiangalia. Marzuku alipewa kazi nyingine. Wakati wa kailula, mji ulipolala, bawabu wa nyumba ile alikuwa ni Abdulmughni mwenyewe, ameketi kando ya jiwe, akitazama mikono ya kila mpita njia aliyeinama kunywa.

Aliagiza habari kwa kila msafara ulioelekea Najdi: mwambieni Salmin mwana wa Thuwayba kwamba mama yake yu hai. Baada ya miaka kadhaa akabadilisha maneno ya ujumbe, kwa kuwa Bi Thuwayba alikuwa amefariki. Alifariki akiwa katika chumba kile, uso wake umeelekea kibla, na kwa jinsi nyumba ile ilivyojengwa, kibla na mlango vilikuwa upande mmoja.

Wapo wasimulizi wanaosema Salmin alirudi baadaye, akanywa maji ya mtungi, akamsamehe aliyemfukuza. Ningependa iwe hivyo. Lakini riwaya niliyoipokea kwa njia ya kutegemewa inasema hakurudi, na kwamba Abdulmughni alizeeka pale mlangoni na ile haki shingoni mwake, akimwomba katika kila sala Mola asiyeshindwa na masafa awakutanishe.

Ndugu zangu waumini, kuipa nyumba jina si haramu. Mwenye kuandika na aandike, ila kwanza aulize nyumba yake inajulikana kwa lipi kwa wale wanaoihitaji, na jina analoliweka litamfungia nani mlango. Abdulmughni aliandika ikhlasi juu ya mlango wake, na chini ya maneno hayo mtu alikaa na kiu akamsomea Fatiha mama aliye hai.

Abdulmughni naye alipofariki, watu wa vijijini walikuja kwa maziko, wakauliza langoni nyumba ya msiba ni ipi. Wakaambiwa, "Kwa Bi Thuwayba. Piteni, pana maji hapo mlangoni."