Kwa Nini Togwa Haimalizwi Chunguni

Chekeni mmalize. Tumbo la mwenzenu limenguruma mbele ya wageni, naye ameona haya mpaka kata imemponyoka. Hakuna aibu hapo. Mimi nikiisikia sauti ile nashukuru, na kwa kuwa togwa bado ya moto na hamna pa kwenda, nitawaeleza sababu.

Zamani, watu walipokuwa wageni duniani, tumbo la binadamu lilikuwa nyumba tupu. Chakula kiliingia mlango wa mbele kikatokea wa nyuma bila hata kuketi. Watu walitafuna tangu jogoo la kwanza hadi giza kama mbuzi, na bado mbavu zilionekana. Wakati huo Wadogo waliishi nje. Wadogo ni viumbe wasioonekana kwa macho; ukoo mzima unaweza kukaa kwenye ncha ya sindano na nafasi ya wageni ikabaki. Walikaa vumbini, juu ya majani na kwenye maganda ya mtama, jua likiwachoma, mvua ikiwasomba.

Basi katika nchi ya mtama palikuwa na mfinyanzi aliyeitwa Mbuke. Watoto wake walikuwa wamemfia, wote kwa ugonjwa ule ule wa kula bila kunenepa. Alibaki na Kabula peke yake, na Kabula naye alikuwa ameanza: tumbo limevimba, miguu imekuwa vijiti. Siku moja Mbuke alimpikia uji, mtoto akanywa funda moja akageukia ukutani. Mama akafunika chungu, akakaa kumtazama. Hakukumbuka uji tena.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Wadogo, wakilikimbia jua, walipenya chini ya kifuniko, wakakuta kivuli na umajimaji, wakatulia. Mbuke alipokuja kufunua chungu, uji ulikuwa umechachuka na mapovu yanapanda. Jirani yake Nyanzobe, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, akachungulia na kukunja pua.

“Mwaga hiyo, mwenzangu. Imeharibika.”

“Nikimwaga nitapika nini? Mtama wenyewe ndio huo.”

Ndipo mapovu yaliposema kwa sauti nyembamba: “Usitumwage, mama. Sisi hatuna kwetu, na mwanao ana nyumba tupu. Tupe nafasi tukae humo, tutamsagia kile asichoweza kusaga, na maradhi yakibisha hodi yatakuta wenyeji wapo. Kodi yetu ni ndogo. Tutakula mnavyovitupa: pumba, maganda, mboga ngumu zenye nyuzi. Na chunguni usitumalize; utuache kidogo tuwe mbegu ya kuchachusha uji ujao.”

Mbuke aliuonja kwanza yeye, kama mama yeyote. Alipokunywa akabaki mzima, akamnywesha mwanawe kidogo kidogo. Kabula akalala usingizi ambao hakuwahi kuulala. Baada ya siku chache aliomba chakula, akala, na chakula kikakaa. Siku aliyosimama mwenyewe na kwenda mlangoni, Mbuke alilia kwa furaha, na Nyanzobe akalia naye. Uji ule uliochachuka ukapata jina la togwa, nyumba kwa nyumba wakaombana mbegu, na watoto wakaacha kufa.

Lakini shibe humsahaulisha mtu njaa yake. Kabula alikua akawa msichana wa kutazamwa, na siku posa ilipokuja kutoka boma la wenye ng’ombe, alitaka wakwe wasimwone mshamba. Aliukoboa mtama mpaka ukawa mweupe, akauchekecha, pumba akawamwagia kuku. Kile chungu cha mama yake chenye ukoko wa miaka alikisugua kwa mchanga na jivu mpaka kikang’aa. Wakwe wakasifu. Wasichana wote wakaiga, na kila chungu kijijini kikang’aa isipokuwa cha Nyanzobe. Wakamwita mvivu hadharani.

Kabula akaendelea na vyakula vyake laini vyeupe. Mle tumboni wapangaji walikaa wakingoja pumba zao. Waliposhindwa kuvumilia walianza kunguruma, naye akalishika tumbo kwa aibu. Wengi wakafa. Waliobaki wakaanza kula kuta za nyumba, maana mwenye njaa hachagui. Kabula akashikwa na msokoto, kisha kuhara, na kabla harusi haijafika alikuwa amerudi kitandani, miguu vijiti kama zamani.

Mbuke alikimbilia chungu chake. Kilikuwa kikavu kama kigae. Akaenda kwa majirani, nyumba baada ya nyumba, na kila mahali akaonyeshwa chungu safi. Mwishowe akafika kwa Nyanzobe. Hakuweza hata kubisha hodi. Alisimama uani akilia.

Nyanzobe alitoka na chungu chake kibaya, cheusi, kimeganda pembeni. Chini mapovu yalikuwa yakipanda.

“Ingia, mwenzangu. Leo uvivu wangu umepata kazi.”

“Nyanzobe, walikucheka, nami nikanyamaza.”

“Wacheke. Mimi nilimwona mtoto yule akisimama mlangoni. Ningewezaje kuwaosha waliomsimamisha?”

Walikwenda pamoja. Wakapika uji wa mtama usiokobolewa, wakauchanganya na mbegu ile, wakamnywesha Kabula kidogo kidogo kama mara ya kwanza. Safari hii alichelewa kupona, maana kuta zilizoliwa hazijengwi kwa siku moja. Alipopona aliwauliza wakwe kama wanamtaka na dona lake la mtama usiokobolewa na mboga yake ya mlenda. Walimtaka. Akaenda kwa mumewe amebeba chungu kichafu kichwani, Nyanzobe akitangulia kwa vigelegele.

Na tangu siku hiyo, togwa haimalizwi chunguni. Anayeipakua huacha kidogo chini, na bi harusi hupewa mbegu kwao kabla ya kupewa kanga. Anayeombwa mbegu hanyimi, hata kama jana mlitukanana. Mtoto naye akizaliwa, hupokea wapangaji wake wa kwanza kwa mama yake, kama anavyorithi pua. Na tumbo likinguruma, ni wao wanauliza: je, leo umetukumbuka?

Mimi ni wa uzao wa Kabula. Kila asubuhi naamka na nguvu nisizojua zimetoka wapi, kisha nakumbuka, nalipapasa tumbo langu nawaambia asanteni. Haya, imepoa. Leteni vibuyu. Wewe mwenye tumbo la kelele, anza wewe. Una wenzako wanangoja.