Kipepeo Aliyekosolewa

Bwana Shekuwe, mwenye hoteli kule Amani, alizoea kukosoa kazi za wachoraji mpaka wamwachie bure. Siku moja alimgeukia Namsifu, aliyepanga na kuchorea katika chumba cha uani cha hoteli hiyo.

"Nataka kipepeo na ua kama vilivyo bustanini. Nikiona kosa, picha zako zote zangu, na chumba uhame."

"Na ukikosoa kisicho na kosa, baba?"

"Chumba kitakuwa chako, mbele ya mashahidi. Lakini mimi sikosei, binti."

Namsifu alimwita alfajiri, baridi ikiuma. Bwana Shekuwe akaja na wageni wake wa hotelini. Ndani mlikuwa na kiza. Ukutani walikuta fremu, na katikati yake ua jekundu, kipepeo wa buluu ametulia juu yake.

"Simameni hapo mlangoni," alisema Namsifu. "Msiguse."

"Nani aguse uchafu huu?" Bwana Shekuwe alicheka. "Jani limetoboka. Bawa limechanika. Na buluu gani hii? Kipepeo wa hivi hayupo dunia nzima!"

"Una hakika, baba?"

"Nimekua na vipepeo mimi! Aliyemtengeneza huyu hajui kazi. Fungasha."

Jua likachomoza. Kipepeo alipopata joto, akapiga mabawa, akaruka kuelekea bustanini. Namsifu akapitisha mkono katikati ya fremu, akachuma ua lililoota nje ya dirisha, akamkabidhi Bwana Shekuwe.

"Hayo ya bawa kapeleke msikitini kwa Aliyemtengeneza, baba. Mimi nipe ufunguo."