Makaa Matatu ya Somoe

Mpo? Basi tegeni masikio niwape yaliyomfika Somoe.

Baba yake, Kitwana, alipendwa na mji mzima. Msibani alilia kuliko wafiwa. Nyumbani alimvunja mguu mbuzi wa Somoe, ili tu amtazame binti yake akilia. Somoe alidhani kosa ni lake. Akapanda mlimani kwa jini wa pangoni, akaomba baba yake apewe huruma.

Jini akampa kaa la moto usiounguza. "Mwekee kifuani akijilaza mchana."

Somoe akaliweka. Kifua kikafunguka kama mlango, na ndani mlikuwa na giza lisilo na ukuta wala sakafu. Kaa likaanguka, likaanguka, likazimika. Akapewa la pili. Nalo likaanguka, likaanguka, likazimika. Somoe akahisi baridi moyoni, lakini akarudi kuomba la tatu.

"Hili ndilo la mwisho," jini akasema. "Yote nimeyatoa kifuani mwako."

"Na la baba, nani alilizima?"

"Hakuna aliyelizima. Hakuzaliwa nalo. Si kosa lako, mwanangu, wala huwezi kumwashia."

Somoe akalia sana, kisha akalirudisha kaa kifuani mwake. Pango zima likang'aa hadi ndani ya mawe, na jini mwenyewe akainamisha kichwa.

Asubuhi baba akamwita kwa sauti tamu, "Njoo ndani, mwanangu."

"Shikamoo, baba," Somoe akajibu akiwa nje. Hakuingia. Akashika njia ya kwa mama yake mdogo.

Hapo ndipo ninapomwacha, wasikilizaji wangu: anatembea, na umande unakauka kila anapokanyaga.