Hodi ya Sange Kisituni

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Sema wewe!
Pakawa kisitu. Kisitu cha nani?
— Cha wote!
Mbona mnajibu kama hamjala tangu juzi? Tena! Kisitu cha nani?
— CHA WOTE!

Hapo sawa. Jibu hilo lishikeni vizuri, msiliachie. Kuna bwana mmoja tutamkuta huko mbele, naye litamtoka kwa jasho.

Basi, huko mashamba, mbele kidogo ya mbuga kavu, palikuwa na kisitu kinaitwa Zambarauni. Kidogo kweli! Ukipiga chafya upande huu, aliye upande wa pili anakuambia "afya!" Ndani mlikuwa na chemchemi moja, kivuli cha kutosha, na mizambarau saba. Hakikuwa na ua, hakikuwa na mlango, hakikuwa na mwenyewe. Kila mwaka zambarau zikiiva, wanyama walifunga safari kwenda kutembea kisituni. Hawakupiga hodi. Utapigaje hodi pasipo na mwenyewe? Waliingia wakicheka, wakala, wakalala kivulini, na jioni wakarudi makwao wakitoleana ndimi waone nani ulimi wake umekuwa mweusi zaidi.

Sange mnamjua? Yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza, akikimbia kwenye majani makavu utasikia chakacha-chakacha-chakacha. Mwaka huo Sange hakutulia hata kidogo. Alikuwa na bibi yake, na bibi yake alikuwa amebakiwa na jino moja. Moja tu, la mbele, nalo linatikisika.

"Mjukuu wangu," Bibi alimwambia, "mwakani jino hili halipo. Nataka niume zambarau ya Zambarauni, mara moja tu ya mwisho. Kumumunya sitaki. Kuuma!"

"Utauma, Bibi! Haki utauma!"

Siku ya safari ikafika. Sange mbele, Bibi nyuma yake, kisha Bi Kanga na vifaranga wake kumi na wawili. Mzee Kobe alikuwa ameanza safari siku mbili kabla yao, na asubuhi hiyo wakampita njiani. Sange furaha ilimjaa mpaka miguu ikawa haikanyagi chini. Chakacha-chakacha-chakacha!

"Bibi, nasikia harufu!"

"Bado, mjukuu wangu."

Chakacha-chakacha-chakacha!

"Bibi, sasa nasikia harufu!"

"Bado."

Chakacha-chakacha-chakacha!

"Bibi!"

"Ehe, sasa hata mimi naisikia."

Wakakimbia. Wakafika ukingoni mwa kisitu, Sange akainua mguu aingie. Mara ardhi ikatetemeka. Ndi! Ndi! Ndi!

Ndovu huyo! Masikio huku, mkonga kule, amejaa njia nzima.

"Simameni! Kisitu hiki changu."

"Chako tangu lini?" akauliza Bi Kanga.

"Tangu mwezi ulipoandama. Nimelala humu siku kumi. Aliyelala ndiye mwenyewe."

"Lakini babu zetu walikuwa wakija hapa..."

"Babu zenu walikuwa na ubavu huu?" Ndovu akajigeuza ili waone ubavu wenyewe. Bi Kanga akakusanya wanawe. Zambarau moja ikaanguka, pu! Ndovu akaidaka kwa mkonga, fyuu, mdomoni. Pu! Fyuu. Pu! Fyuu. Hakutafuna hata moja, alimeza tu.

"Na adabu pia hamna," akasema huku akimeza. "Mnaingia mahali pa watu hata hodi hampigi! Mlilelewa wapi?"

Bibi Sange alishika shavu upande wa lile jino, akageuka polepole kurudi. Sange alipouona ule mgongo wa bibi yake ukiondoka, moyo ulimuuma sana, akatamani kulia. Lakini pua yake ikacheza. Ikacheza tena. Pua ya Sange ikicheza mara mbili, ujue kichwani kuna moto unapikiwa kitu.

"Bibi, ngoja," akanong'ona. "Anataka hodi. Basi hodi ataipata."

Akarudi nyuma hatua kumi, akasimama wima, akakohoa kidogo kama mgeni anavyokohoa.

"Hodi!"

Ndovu kimya.

"Hodi!"

Ndovu kimya, lakini sikio moja likapiga, pwa!

"Hodi wenyewe!"

"Karibu!" akasema Ndovu.

Likamtoka! Hakulitaka, akaziba mdomo kwa mkonga, lakini lilikwisha kutoka. Maskini, alilelewa na mama yake vizuri, na mdomo uliolelewa vizuri hauiachi hodi ya tatu ikaanguka chini.

"Asante, tumekaribia, mjomba!" Sange akaingia mbio, chakacha-chakacha-chakacha, na wote nyuma yake.

"Mjomba? Mjomba wa nani?"

"Mjomba, itazame pua yako, kisha itazame yangu. Kwenye mbuga hii nzima, nani mwingine mwenye pua kama hizi? Pua hazidanganyi."

Ndovu akautazama mkonga wake. Akaitazama pua ya Sange. Kweli, zilifanana, moja kubwa, moja ndogo.

"Basi, mwenye kisitu," Sange akasema kwa sauti ya kusikika mbuga nzima, "wageni wana kiu!"

Ndovu angefanyaje? Mwenyeji asiyempa mgeni maji atatangazwa mpaka kwa wakwe. Akaenda chemchemini, ndi, ndi, ndi, akaleta maji mkongani. Akanywa kifaranga wa kwanza. Wa pili akasema yeye hanywi baki la mwenzake. Ndovu akarudi chemchemini, ndi, ndi, ndi. Wa tatu naye hivyo hivyo. Vifaranga walikuwa wangapi?

— Kumi na wawili!

Hesabuni wenyewe safari zake, mimi nimechoka naye.

"Mwenye kisitu, wageni wana jua!"

Ndovu akaondoka kivulini, akasimama nje juani. Mwili wake ulikuwa mkubwa, kisitu kidogo, na wageni hawakupenda kubanana.

"Mwenye kisitu, wageni wana njaa!"

Ndovu akautikisa mzambarau. Pu-pu-pu-pu-pu! Akafungua mdomo wake mkubwa ale.

"Mjomba!" Sange akapiga ukelele. "Mwenyeji atangulie kula kabla ya wageni? Watu watasemaje?"

Mdomo ukafungwa, kap! Wageni wakala, wakachagua, wakala tena. Sange akapata zambarau nono kuliko zote, akaipeleka kwa Bibi kwa mikono miwili.

"Bibi, uma!"

Bibi akaitazama, akameza mate, akaisukuma kando.

"Sili. Tangu utotoni nimekula zambarau za hapa bila kugaiwa na mtu. Za kugaiwa hazinipiti kooni."

"Lakini jino, Bibi!"

"Litangoja." Jino likatikisika, tiki.

Alasiri Mzee Kobe akafika, akahema, akala mbili tatu, akasema sasa anaaga. Na mgeni akiaga?

— Husindikizwa!

Ehe! Na mwenyeji hatembei mbele ya mgeni, ni utovu wa adabu. Ndovu akamsindikiza Mzee Kobe mpaka kwenye mchongoma. Alikuwa akiinua mguu mmoja, anauweka hewani, anangoja. Kobe anatembea... anatembea... anatembea. Ndovu anaushusha. Anainua mwingine. Walipoufikia mchongoma, Kobe akasimama.

"Bwana we, nimesahau mkongojo wangu kisituni."

Ndovu akalia machozi ya kweli. Akamrudisha, kwa mwendo uleule.

Siku ya pili, jua halijapanda sawasawa, sauti hiyo: "Hodi! Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu," akasema Ndovu, kisha akajipiga mkonga usoni. Maji, ndi, ndi, ndi. Kivuli. Zambarau. Kusindikiza. Lakini mchana akakumbuka kitu, akacheka kwa mara ya kwanza.

"Wageni wangu, mgeni siku mbili! Siku ya tatu mpe nini?"

"Jembe," wakajibu kwa unyonge.

"Basi kesho mtalima, mpaka mikono itoke malengelenge!"

Sange akainamisha kichwa. "Mjomba, hiyo ni kweli kabisa. Lakini jembe hupewa mgeni aliyelala. Sisi tulilala kwetu, na leo tutalala kwetu. Kwako tutakuwa wageni wapya kila asubuhi."

Cheko la Ndovu likakatika. Bibi naye siku hiyo hakula. Jino lake, tiki-tiki.

Siku ya tatu habari ilikuwa imeenea mbuga nzima: Ndovu ana kisitu, na ukarimu wake si wa nchi hii! Wakaja swala na watoto wao. Wakaja nyumbu na wakwe zao na majirani wa wakwe zao. Akaja fisi, ambaye zambarau hali, lakini alisikia kuna kusindikizwa. Ndovu alikuwa amekaa juani na njaa ya siku mbili, tumbo linanguruma, anaona vumbi linakuja, halafu anaona miguu ndani ya vumbi. Wote wakasimama ukingoni. Wakakohoa.

"Hodi!"

Ndovu akaziba masikio.

"HODI!"

Ndovu akaziba mdomo, masikio yakabaki wazi.

"HODI WENYE..."

"Msinipigie hodi!" Ndovu akalia. "Hapa si kwangu! Nani kasema ni kwangu? Mimi hodi za nini?"

Sange akatoka mbele, pua inacheza. "Si kwako, mjomba? Kisitu cha nani, basi?"

Haya, msaidieni, amekauka koo!

— CHA WOTE!

"Cha wote!" Ndovu akasema. "Mimi ni mgeni tu kama ninyi!"

"Mgeni?" Sange akasema taratibu. "Na umelala humu siku ngapi, mgeni?"

"Siku kumi... na hizi tatu..." Aliona anakoelekea, lakini mguu ulikwisha kuingia shimoni.

"Mgeni siku mbili!" mbuga nzima ikapaza sauti. "Siku ya tatu mpe jembe!"

Na jembe alikuwa nalo mwenyewe, tena mawili, yameota mdomoni. Chemchemi ilikuwa imejaa tope kwa miguu yake, basi akapiga magoti akaanza kuizibua. Kwa! Kwa! Kwa! Maji yakatoka meupe, watu wakashangilia, vifaranga wakarukia ndani.

Hapo, katikati ya kelele zile, zambarau moja ikaanguka. Haikutikiswa na mtu, haikugaiwa na mtu. Pu! Mbele ya Bibi Sange.

Bibi akaiokota, akaipangusa, akafungua mdomo. Jino lilikuwa linaning'inia kama tunda lenyewe. Akauma. Ka!

Jino likatoka.

"Bibi!" Sange akapiga kelele, machozi yanamlengalenga. "Limeng'oka! Hukula hata..."

Bibi akainua mkono anyamaze. Alikuwa akitafuna kwa ufizi, macho ameyafumba, maji meusi yanamchuruzika kidevuni. Akameza. Kisha akacheka, cheko la mtoto, ulimi mweusi tii.

"Liache liende, mjukuu wangu. Limeondoka limeshiba." Akatazama kule chemchemini. "Na huyo mkulima naye mpeni zambarau. Cha wote ni cha wote."

Hadithi yangu imeiva na imeanguka. Ukiiona tamu, mgawie jirani. Ukiiona chachu, nirudishie, nina chumvi nyumbani.

Sasa funzo, maana wakubwa wanapenda hadithi iwe na funzo. Funzo ni kwamba adabu haina faida. Mtazameni Ndovu! Angekuwa mtovu wa adabu, angeinyamazia hodi ya Sange, na mpaka leo angekuwa na kisitu, kivuli na mizambarau saba. Karibu moja tu imemtia jembeni. Kwa hiyo, watoto wazuri, kuanzia leo mkisikia hodi, nyamazeni kimya. Hata iwe ya nani. Mmenielewa?

— Tumeelewa!

Mtanyamaza?

— Tutanyamaza!

Vizuri sana. Hodi!

...

Hodi!

...

Hodi wenyewe!

— KARIBU!

Haya, nimekwisha kukaribia. Maji yako wapi? Na huko jikoni mmepika nini? Mimi leo silali hapa, kwa hiyo jembe lenu liacheni palepale lilipo, na baadaye mtanisindikiza mpaka kwenye mchongoma.