Baba wa Mashine ya Kusaga na Daktari Aliyemtafuta

Wapendwa, nipeni masikio kidogo. Baba mmoja alikuwa na mashine ya kusaga unga. Akapimwa, akakutwa na saratani ya tezi dume. Daktari wake, dada mmoja mpole, akamwambia, "Baba, hii yako ni ndogo na inakwenda taratibu. Hatutakupasua. Tutaifuatilia kwa karibu. Utakuja kupima damu kila baada ya miezi michache, na mara mojamoja tutachukua kinyama kidogo tukichunguze. Ikianza kusogea, tutaiwahi."

Baba yule alitoka pale anatembea kama bwana harusi. Jumapili akasimama kanisani. "Bwana asifiwe! Nilikwenda nikijua napasuliwa, nimerudi bila kuguswa na kisu. Nimepona!" Jamani, vigelegele! Makofi! Mchungaji mwenyewe aliruka. Nani angebaki ameketi?

Sasa fikirini. Siku ya kupima ikafika. Mtu aliyeshuhudia amepona anaketije kwenye benchi la kliniki, waumini wenzake wakimpita? Akaona aibu, asiende. Na siku ya kupima iliyofuata hakwenda tena.

Daktari akaona mgonjwa wake haonekani. Wengine tungesema, mtu mzima huyo, akizidiwa atarudi. Dada yule hakusema hivyo. Alitia mahindi kwenye ndoo, akaenda mashineni, akapanga foleni kama mteja, asije akamwaibisha mzee mbele za watu. Hapo ndipo ninapompenda sana. Akangoja mpaka wote wakaondoka.

"Shikamoo, baba."

Mzee akazima mashine. "Marahaba, daktari. Umekuja kusaga huku kote?"

"Nimekuja kukutafuta. Mbona umetuacha?"

"Binti yangu, nimeshashuhudia. Nikirudi kwenu, si nitakuwa nimemfanya Mungu mwongo?"

"Baba, sikukuambia umepona. Nilikuambia tuiangalie pamoja. Peke yangu siwezi."

Mzee alilia pale pale, unga umemjaa usoni. Kesho yake akaenda. Na vipimo vikasema nini? Imeanza kusogea. Wakamtibu mapema, na mpaka leo anasaga.

Mnataka kumpigia makofi daktari? Mpigieni, anastahili! Lakini ngojeni. Wale walioshangilia Jumapili ile walikuwa wateja wake. Walipeleka mahindi, wakamsalimia, wakabeba unga wao wakaenda zao. Hata mmoja hakumwuliza, "Hivi daktari alisemaje hasa?" Ugonjwa ulikuwa mdogo, wapendwa. Kilichotaka kumuua baba wa watu ni shangwe za kanisa.

Na kanisa hilo ni sisi. Tunamshangilia aliyeacha pombe, tunawashangilia mume na mke waliopatana, kisha tunaona kazi imekwisha. Akianza kuyumba atamwambia nani, na sisi sote tumeshamwita mshindi? Nani kati yetu atamfuata alipo, amfichie aibu yake, amrudishe?

Leo ukitoka hapa, nenda kwa mmoja uliyemshangilia. Usiende na hotuba. Mwulize anaendeleaje, kisha unyamaze, umsikilize mpaka amalize.